Shangazi, niwaambie wenzangu wa mikoko kwamba naumwa?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Mikindani, Mtwara, na mume wangu na watoto watatu. Miaka mingi niko kwenye kikundi cha kujitolea: tunapanda mikoko, tunasafisha ufukwe, na mmoja wetu akipata shida tunakwenda wote. Nawapenda kama ndugu wa tumbo moja. Mwaka huu niligundulika na saratani ya titi. Nimekatwa titi la kushoto na tezi za kwapani, na sasa kila baada ya siku 21 nakwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kuwekewa dripu ya dawa za saratani. Nimeshapata mbili. Wenzangu nimewaambia namuuguza mama Dar. Mwenyekiti amekuja nyumbani mara mbili, nikajifungia chumbani. Mume wangu hataki niseme. Anasema tutachangiwa kama mafukara na Mikindani nzima itajua nimekatwa nini. Nimechoka, Shangazi, na nimewakumbuka mno. Nifanye nini? Na je, nitarudi tena kwenye tope?*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umepitia kisu, umeshapata dripu mbili, na katikati ya yote hayo bado unatunga visa vya kumlinda kila mtu isipokuwa wewe mwenyewe.

Waambie. Waambie kabla ya dripu ya tatu. Hicho kisa cha mama hakitadumu, maana kwetu mtu akisikia mama wa mwenzake amelazwa hatulii. Leo au kesho watakuja na mchango wa mgonjwa ambaye haumwi, na mmoja atasema yuko Dar, aelekezwe wodi akamwone. Hapo utasema nini?

Nianze na mume wako, kwa sababu naona ndiye aliyefunga mlango, na sidhani kama amefanya hivyo kwa ubaya. Ana hofu ya kukupoteza, ila anaisema kwa lugha ya aibu. Kaa naye usiku watoto wakilala umuulize hivi: mtoto wa jirani akitoka unyago, si tunapeleka kanga na hela? Vijana wakitoka jandoni, si mtaa mzima unachanga? Msiba ukitokea, nani anapika peke yake? Hakuna anayewaita hao mafukara. Wewe mwenyewe umechanga miaka yote hiyo na hukumdharau hata mmoja uliyempelekea. Kwa nini wao wakudharau wewe?

Lakini kuna jambo mume wako yuko sahihi, na nataka ulishike: mwili ni wako. Kusema unaumwa si kusema kila kitu. Unaweza kutamka saratani bila kutaja ni ya wapi, wala umekatwa nini, na anayechimba zaidi hana haki ya jibu. Mwite mwenyekiti peke yake, safari hii mfungulie, umwambie hivi: "Nina saratani, natibiwa Dar, na dawa inanichosha. Samahani kwa kisa cha mama, niliogopa. Naomba uwaambie wenzetu wewe, kwa maneno haya haya, usizidishe. Sitaki umati nyumbani. Nitakwambia ninachohitaji." Baada ya hapo, anayetaka kuuliza habari zako amuulize yeye, usiwe unashika simu kutwa nzima kurudia hadithi ile ile.

Na ukimwambia unachohitaji, taja kitu hasa. Watu wanaokupenda wakiambiwa "niombeeni tu" watakuja ishirini siku moja, waondoke, halafu wiki tatu usione mtu. Kikundi kinachojua kupanga kazi kwa kufuata bamvua na maji mafu, yaani bahari ikijaa na kupwa sana au kidogo, hakishindwi kupanga zamu kwa kufuata dripu. Mpe mwenyekiti tarehe zako zote, aziandike pale pale anapoandika siku za kupanda.

Siku mbili tatu za mwanzo baada ya dripu, kwa kawaida, ndizo za kichefuchefu. Hapo unahitaji mtu mmoja tu, wa kupika, kufua na kuwatuma watoto shule. Anayesafisha matapishi au choo siku hizo mbili za mwanzo avae glovu, kwa sababu dawa yenyewe hutoka na uchafu wa mwili. Saratani haiambukizi, na hilo wasikie wote: kikombe chako wanywee, kitanda chako wakalie.

Wiki ya pili ndiyo ya kuogopa, ingawa pengine utajihisi nafuu. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 hivi, chembechembe nyeupe za damu hushuka, na homa ndogo inaweza kuwa hatari. Wiki hiyo mwenye mafua asije, mwenye mtoto wa tetekuwanga asije, na chakula kiwe cha moto kilichoiva vizuri, matunda ya kuosha na kumenya. Nunua kipimajoto. Kikifika 38, usimeze dawa ya kutuliza homa ukalala kusubiri kuche. Nenda hospitali ya Ligula saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku, na uwaambie unatibiwa saratani kwa dripu. Kutoka Mikindani ni kilomita kama kumi. Kwenye kikundi chenu hakosekani mwenye bajaji au mwenye kaka wa bajaji. Huyo aombwe mapema, asitafutwe usiku.

Wiki ya tatu mwili unarudi. Hiyo ndiyo ya wageni, vicheko na ming'oko, vile viazi pori vyetu.

Safari ya Dar usiifanye tena peke yako. Ni kilomita kama 550, na barabara yetu unaijua: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga, wasafiri wakakwama. Ondoka mapema, usifike siku ile ile ya dripu. Tena kabla ya kila dripu damu hupimwa, na chembe zikiwa chini unaambiwa usubiri, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi kwanza. Hapa ndipo mchango wa fedha unapofanya kazi: nauli ya watu wawili, na chakula cha siku ambazo hamkuzipangia. Ashike mtu mwingine, si wewe wala mume wako, aandike kilichoingia na kilichotoka. Mume wako akiona daftari, nadhani moyo utamtulia.

Nikwambie pia yatakayouma. Mmoja atakusimulia fulani aliyekufa na ugonjwa huo huo. Mwingine atanong'ona kwamba umerogwa, atakuletea mizizi ya kuchemsha. Pokea kwa heshima, useme, "Asante mama, nitamuuliza daktari kwanza," na umuulize kweli, kwa sababu baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za dripu. Kuna atakayenuna kwamba umemficha. Na kuna rafiki mmoja, pengine uliyemtegemea kuliko wote, atakayetoweka kwa sababu ugonjwa unamtisha. Usimfuate, nguvu zako zina kazi nyingine.

Sasa tope. Kwa sasa hapana. Magamba ya chaza kwenye mizizi ya mikoko yanakata, na mkono wako wa kushoto hauna tena tezi zile zilizokuwa zikiulinda. Mchubuko mdogo unaweza kuleta maambukizi, mkono ukavimba na ukawa wa kuvimba kila mara. Ndoo za miche usibebe kwa mkono huo. Matibabu yakiisha, muulize daktari wako kuhusu mabuti na glovu ndefu. Sioni kwa nini usirudi. Ila uanachama wako hausubiri hadi hapo. Nina hakika miche mnaipanda kwa wingi, lakini ile iliyoshika na iliyokufa haina anayeihesabu vizuri. Hiyo ni kazi ya kukaa kivulini na kalamu, wenzako wakikutumia hesabu kutoka kitaluni na ufukweni. Mwenyekiti akija, mwombe akuachie hilo daftari la miche.