Anayefaa ni yule asiyeshindana na wazazi wa mtoto

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni mtu wa namna gani anayefaa kuwa mlezi wa kambo, yaani anayekabidhiwa na ustawi wa jamii mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake. Wengi watataja upendo, nami sipingi. Lakini kwa maoni yangu, sifa inayotangulia ni moyo wa kumlea mtoto wa mwenzio bila kutaka kumfanya wako. Kuasili, yaani kumchukua mtoto kisheria awe wako, ni jambo jingine. Malezi ya kambo mara nyingi ni ya muda, na ibara ya 20 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka mtoto asiyeweza kubaki na familia yake anapotafutiwa malezi mbadala, uzingatiwe mwendelezo wa makuzi yake, pamoja na asili, dini, utamaduni na lugha yake. Kwa hiyo ampokeaye mtoto hampokei peke yake. Anapokea pia wazazi wake, ndugu zake na yote aliyozoea kwao.

Jambo hili hudhihirika siku mtoto anaporudi kutoka kumwona mama yake. Pengine atasusa chakula, au usiku atakojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha. Asiyefaa atadai kwamba ziara hizo zinamharibu mtoto, zikomeshwe. Anayefaa atabadilisha shuka bila kelele, wala hatamsema mama yule vibaya hata kama sababu anayo, kwa kuwa mtoto akisikia mama yake anatukanwa, hujiona naye ametukanwa.

Subira ya namna hiyo haiigizwi. Mtoto aliyezoea kulala njaa aweza kuficha mkate chini ya mto wakati kabati limejaa. Kumwita mwizi ni kumzidishia hofu. Afadhali atengewe chakula kidogo mahali anapopafikia, achukue bila kuomba, mpaka mwenyewe aamini kwamba na kesho atakula.

Ndoa na nyumba kubwa nisingezipa uzito. Afya, kipato kisichotegemea posho ya mtoto, na utayari wa kukaguliwa na maofisa wa ustawi wa jamii ni vya lazima, na watoto wa nyumbani waulizwe kwanza.

Wanaowachuja waombaji ningewasihi waulize hivi: mtoto akirudi kwao, utamweleza nini mama yake kuhusu anavyolala, anachokiogopa na kinachomtuliza? Anayekereka kwa swali hilo asikabidhiwe mtoto.