Muulize Fundi: Ufunguo wa biti 256, bado hautoshi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ndiye ninayehudumia kompyuta za chama chetu cha ushirika. Tuna maghala mawili, Tanga na Lushoto, yanayowasiliana kwa IPsec, yaani pakiti za data zinasimbwa zikipita kwenye intaneti. Tanga kuna kompyuta ya mezani yenye Core i5 ya zamani, Lushoto kuna kikompyuta cha Raspberry Pi 4, na zote ni Linux. Aliyenitangulia aliacha skripti yenye funguo alizoziandika mwenyewe, na usimbaji ni 3DES, njia ya zamani. Kila usiku tunatuma nakala ya hifadhidata, kama GB 2 hivi. Nataka kuhama, ila nikitazama kerneli (kiini cha Linux) naona AES-CBC na AES-GCM, sijui tofauti yake. Mwenzangu anasema niweke CBC yenye ufunguo wa biti 256, niondoe na HMAC, ule muhuri wa kuhakiki kila pakiti, ili Pi ipumue. Je, ni sawa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana. Msalimie mwenzako, kisha mnyang'anye kibodi.

Kosa lake ni la wengi, hata mimi nimelipitia: tunatazama urefu wa ufunguo, hatutazami modi. AES, kanuni yenyewe ya kusimba, inajua kazi moja tu. Unaipa baiti 16 na ufunguo, inakurudishia baiti 16 zisizosomeka. Lakini pakiti yako ina baiti elfu na zaidi. Modi ndiyo inayosema vile vipande vya baiti 16 vishikane vipi. Modi ya kizembe kuliko zote, ECB, inasimba kila kipande peke yake, kwa hiyo vipande vinavyofanana vinatoka vikifanana. Ni kama kufunika kanga kwa shashi: rangi imefifia, lakini pindo na mji unaviona palepale. Ufunguo ungekuwa wa biti 256 au 2,560, shashi ni shashi.

CBC iliponya hilo kwa kuchanganya kila kipande na kilichosimbwa kabla yake; cha kwanza huchanganywa na namba ya kuanzia inayosafiri na pakiti. Maua hayaonekani tena. Tatizo ni kwamba CBC inaficha tu, hailindi. Mtu aliye njiani akigeuza biti moja katika kipande kilichosimbwa, kipande hicho kitaharibika, lakini kinachofuata kitageuka biti ileile, mahali palepale alipotaka. Akigeuza namba ya kuanzia, hata uharibifu haupo: kipande cha kwanza kinabadilika kisafi. Na kwenye VPN (njia ya siri juu ya intaneti) ya ghala kwa ghala, kipande cha kwanza ni mwanzo wa kichwa cha pakiti ya ndani, yaani sehemu ambayo kila anayejua IP anaweza kuikisia.

Hiyo si nadharia ya darasani. Mwaka 2006 Kenneth Paterson na Arnold Yau wa Chuo Kikuu cha London waliishambulia Linux iliyofungwa IPsec ya kusimba bila kuhakiki, yaani hivyohivyo anavyotaka mwenzako. Ufunguo hawakuuvunja. Waligeuza biti, wakaifanya mashine yenyewe iwatolee maneno yaliyofichwa. Kwa hiyo ukibaki na CBC, HMAC haitoki. Pi ihemee tu.

3DES nayo iage leo. Vipande vyake ni vya baiti 8, na kila ufunguo mmoja ukishasimba kama GB 34, uwezekano wa vipande viwili kugongana unakuwa mkubwa, na mgongano unavujisha maandishi. Karthikeyan Bhargavan na Gaëtan Leurent walilionyesha hilo kwa vitendo mwaka 2016. Kwa GB 2 zako kwa usiku, hiyo ni siku 17. Na kwa kuwa funguo zenu ni za mkono, sidhani kama zimebadilishwa tangu fundi yule aondoke.

Hizo funguo za mkono ndizo zilizoninyima usingizi nilipokusoma, kuliko hata 3DES. Ungetoka hapo ukaingia GCM huku skripti ni ileile, ungeweza kuwa pabaya zaidi. GCM inasimba na kuhakiki kwa pamoja, ni nzuri na ni nyepesi, ila ina sharti moja lisilo na msamaha: kila pakiti iwe na namba yake, na namba hiyo isirudiwe kamwe chini ya ufunguo uleule. Ikirudiwa mara moja tu, msikilizaji anaweza kuoanisha pakiti hizo mbili akafichua yaliyomo, na siri ya uhakiki nayo hukaribia kutoka, aanze kughushi.

Sasa fikiria umeme wa kukatika na kurudi. Mashine inazima, inawaka, skripti inapakia ufunguo uleule, hesabu ya pakiti inaanza tena mwanzo. Kerneli ya Linux huichanganya hesabu hiyo na namba ya bahati nasibu kila inapoanza, basi pengine utanusurika. Lakini hata hapo, pakiti za jana alizozihifadhi mtu zinaweza kurushwa leo zikapokelewa, maana mashine haikumbuki ilifika wapi. Ndiyo sababu kiwango cha GCM kwa IPsec, RFC 4106 cha mwaka 2005, kinataka funguo zipangwe na mfumo wenyewe. Weka programu ya strongSwan yenye IKEv2, utaratibu wa mashine mbili kupatana funguo zenyewe. Kila muunganisho utapata funguo mpya, na ikiachwa ilivyo itazibadilisha karibu kila saa.

Kuhusu Pi, mwenzako hakukosea kuihurumia. Andika grep aes /proc/cpuinfo pande zote mbili. Tanga yamkini utaona neno aes, maana Core i5 nyingi zina amri zake za AES. Pi 4 haitakujibu kitu. Inafanya AES kwa programu tupu, na GCM itailemea. Dawa ni ChaCha20-Poly1305, kazi ya Daniel Bernstein, njia nyingine ya kusimba na kuhakiki kwa pamoja, ambayo haihitaji amri maalumu; programu ya VPN iitwayo WireGuard haitumii kingine. Kwenye strongSwan andika chacha20poly1305 kwanza, kisha aes128gcm16. Tanga ingependa GCM, lakini mwendo wa msafara hupangwa na mchovu. Siku mkinunua Pi 5, yenye amri za AES, geuza mpangilio.

Fanya Ijumaa jioni maghala yakishafungwa, na Lushoto awepo mtu mwenye simu na kibodi. Mimi niliwahi kubadilisha upande wa mbali nikiwa nimeingia kupitia VPN ileile niliyokuwa naibadilisha. Nilibonyeza Enter, skrini ikaganda, na kesho yake alfajiri nilikuwa stendi nikitafuta basi.