Wadogo zangu mnaosubiri usaili wa hatimkato na kutaipu, someni hapa

Wadogo zangu wa uhazili, hasa nyie wa huku Tanga mnaoniulizaga kila siku, leo naandika yote kwa pamoja. Tangazo la kazi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi, yaani sekretari, linataka uwe umefaulu hatimkato (kuandika kwa alama fupi unachosomewa) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na wengi wakishaiona hiyo 100 wanakimbilia spidi tu, wanaandika kama wanafukuzwa afu wakimaliza hawawezi kusoma walichoandika wenyewe.

Mimi yalinikuta. Usaili wangu wa kwanza msomaji, yule anayetusomea tuandike, alitaja "mustakabali", nikaganda, mkono umesimama natafuta alama yake, kuja kushtuka yuko sentensi ya tatu huko mbele na karatasi yangu nyeupe. Nilirudi Ngamiani nikalia. Kwahiyo nawaomba sana, neno likikupita acha nafasi, vuta kistari, mfuate msomaji, utakuja kulipata wakati wa kutaipu ulichoandika maana sentensi yenyewe itakwambia.

Mazoezi ni hivi. Chukua makala ya gazeti, kila baada ya maneno 25 weka mkwaju (/) kwa penseli, mpe mtu akusomee huku anaangalia saa, kila sekunde 15 awe amefika kwenye mkwaju, hiyo ndo 100. Mi nilikuwa nasomewa na shangazi barazani baada ya magharibi, anakohoa, anaitikia salamu za wapita njia, akirudi anakimbiza, na ile ilinisaidia kuliko redio kwa sababu nilizoea kumfuata mtu anavyosoma. Anza na 60, usipande mpaka uweze kuisoma yote. Na uisome kesho yake, sio hapohapo, hapohapo unasoma kwa kukumbuka, sio kwa alama.

Kwa tuliofundishwa hatimkato ya mtindo wa Pitman, Kiswahili kina mtego. Tukikimbia tunaacha irabu, sasa pata, pete na pita zote zinabaki p na t, kinachokuokoa ni pale ulipoiweka, juu ya mstari, kwenye mstari au kuukatiza. Afu unene wa alama nao, ukiikandamiza ile p imeshakuwa b na pata yako ni bata. Ndo maana nasisitiza penseli laini, chonga hata nne, jasho la Tanga mnalijua kwahiyo na kitambaa cha kufutia mkono kiwepo.

Kwenye kutaipu, Kiswahili kinaila herufi a kuliko zote na a iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kabisa, na pembeni yake kuna kile kitufe cha herufi kubwa, ukiteleza tu unashtukia mstari mzima umekuwa HIVI. Kila siku kabla ya kitu chochote taipu dakika kumi maneno kama "baada", "maana", "wakaacha", bila kuangalia vidole. Fanyia kwenye kompyuta ya mezani hata ya kulipia steshenari, ukizoea leptopu tu vitufe vya mezani vitakuonea. Na Word ikiwekwa Kiingereza itachora mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili, usihangaike nayo, we angalia kinachobadilika chenyewe, mfano ukiandika k.m. neno linalofuata linaweza kugeuzwa likaanza na herufi kubwa. Baki na dakika mbili za kupitia hayo.

Vyeti beba halisi pamoja na kitambulisho, na kama jina la cheti na la kitambulisho yanapishana shughulikia kabla hujaitwa. Ukiitwa Dodoma usisafiri siku ya usaili, kutoka hapa mpaka upite Segera, Chalinze, Morogoro, ukishuka mikono imekufa ganzi. Fika jana yake, lala, asubuhi andika ukurasa mmoja wa hatimkato taratibu kabisa ili mkono uamke, afu ndo uingie.