Tuulize kwanza anacheza na nani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama michezo ya mtandaoni inaua urafiki wa vijana wetu au inaujenga. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Arua, Uganda, na naona tunaitazama simu mno huku tukiwasahau wenzake kijana anaowasiliana nao humo.

Shule zetu zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, vijana waliobahatika kupata simu walikutana humo kwa sababu pengine pa kukutania hapakuwapo. Mchezo kama Free Fire huweza kuchezwa na kikosi cha watu wanne. Pambano likishaanza halisimamishwi, na anayetoka katikati huwaacha wenzake pungufu. Kijana anayeitwa kula na asiinuke, basi, mara nyingi hakaidi bali anachelea kuwaangusha wenzake, na uaminifu huo ndio tunaomfundisha kwenye uwanja wa mpira. Mama anayesema, "Malizeni hilo, mwanangu, kisha uje," atasikilizwa kuliko anayempokonya simu.

Hata hivyo, siungi mkono wanaodai kwamba hakuna tatizo. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea nao ijapokuwa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Muda huo ni wa kuzingatiwa sana, maana likizo moja ya kukesha haimfanyi mtoto kuwa mgonjwa.

Ninayemhofia ni kijana aliyeachana na rafiki zake wa mtaani, anayenunulia bando hela ya chakula, na anayecheza ili asifikirie jambo linalomuumiza: msiba, karo iliyokosekana, ugomvi wa wazazi. Ukimnyang'anya huyo simu, unamwondolea kimbilio bila kukigusa kinachomkimbiza. Anahitaji mtu mzima wa kukaa naye, amsikilize mpaka mwisho.

Shule nyingi za bweni hukataza simu muhula mzima, kisha likizo ikifika tunashangaa kijana anapokesha nayo. Ningeomba walimu wa ushauri nasaha wazungumze na wanafunzi juu ya mambo haya kabla ya kufunga shule, na wazazi waalikwe siku hiyohiyo.