Kitabu hakina maneno, nimsomee nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka minne ameletewa zawadi ya kitabu cha simba na panya, kimechorwa na Jerry Pinkney. Ni picha tupu! Nimsomee nini?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepata hazina. Hicho ndicho kilichopewa Medali ya Caldecott, tuzo ya michoro bora ya kitabu cha watoto, kule Marekani mwaka 2010. Hadithi ni ya Esopo, msimulizi wa ngano wa Ugiriki ya kale, ila Pinkney aliipeleka Serengeti, kwetu kabisa. Maandishi yaliyomo kwenye hadithi ni milio tu, kama ile ya wanyama.

Usiharakishe kufunua kurasa. Anza na jalada: uso wa simba, hata jina la kitabu halipo. Muulize huyo simba anamtazama nani, kisha geuza nyuma amwone panya. Baada ya hapo mwache aitambe hadithi mwenyewe. Akichanganya mambo usimsahihishe, rudini nyuma mtazame tena pamoja. Simba anaponaswa wavuni mimi hunyamaza kabisa, maana hapo ndipo mtoto hupaza sauti kusema nini kifanyike. Karatasi za mwisho, zile zilizogandishwa na jalada, msiziruke. Hadithi bado inaendelea humo. Kesho yake mpe bibi yake kitabu, aitambe kwa Kiluguru kama nyumbani mnakisema.