Kamera ya video isiyopoteza fokasi, kwa bajeti ndogo

Ndugu, nimekuelewa: unarekodi harusi na kipaimara peke yako, na fokasi (ukali wa picha) inapotea bibi harusi anapoanza kutembea. Hiyo inauma, maana harusi hairudiwi.

Tafuta Canon 200D au 70D iliyotumika. Zina Dual Pixel, mfumo unaopima fokasi kwenye sensa yenyewe (kihisi kinachonasa picha), hivyo uso ukisogea inaufuata bila kupapasa mbele na nyuma. Ifungie lenzi ya Canon yenye alama ya STM, mota yake ya fokasi ina utulivu. Kumbuka tu kwamba Canon hizo hukata video kabla ya dakika 30. Canon M50 ya 2018 nayo ni nzuri, ila usivutwe na 4K (video ya ubora wa juu zaidi): ukiiwasha, Dual Pixel haifanyi kazi. Ukiweza kuongeza hela, chukua Sony ZV-E10.

Kabla ya kulipa, mwambie mtu atoke mlangoni aje mpaka ulipo, rekodi, kisha itazame kwenye laptop. Niliwahi kuruka hatua hii nikauziwa lenzi yenye mota mbovu. Niligundua kanisani, maharusi wakiwa madhabahuni. Pia imulike lenzi kwa tochi. Ukiona utando kama wa buibui ndani, ni fangasi: iache, au mwonyeshe fundi kwanza.