Dar es Salaam hadi Arusha kwa Siku Moja

SUALI: Assalaamu alaikum. Watoto watakapofunga skuli tunakusudia kwenda Arusha kwenye harusi ya mdogo wa mume wangu. Tutapanda boti ya saa moja asubuhi kutoka Unguja, tukodi gari Dar es Salaam na kuondoka papo hapo. Mume wangu ataendesha peke yake, na anataka tupitie Lushoto tukaione milima. Tutakuwa na mama mkwe na watoto wawili. Je, siku moja itatutosha?
Msomaji, Kiembesamaki

JAWABU: Waalaikumu salaam, dada yetu. Siku moja inatosha, lakini isiwe siku hiyo hiyo mnayovuka bahari. Boti huchukua takriban saa mbili, na mpaka mteremshe mizigo, mpokee gari na kukagua matairi, itakuwa imeshafika saa nne na nusu, ilhali mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 600, ambazo kwa gari dogo huhitaji saa 10 hadi 12 pamoja na mapumziko. Mtamalizia safari gizani, katikati ya malori na bodaboda zisizowasha taa. Vukeni siku moja kabla, mlale Dar es Salaam, na hesabu ya safari muipige kwa kurudi nyuma kuanzia Maghrib, ambayo ndiyo saa ya kuwa mmeshafika.

Ondokeni mara baada ya sala ya Alfajiri. Badala ya kupitia Kibaha na Chalinze, ambako mabasi ya kituo cha Magufuli na malori ya bara hujazana, ningeshauri mpite Bagamoyo, kisha mshike barabara ya lami ya kilomita 64 inayotokea Msata. Mkifika Segera, msifuate njia ya kulia iendayo Tanga. Korogwe ni karibu nusu ya safari, na mkiwa hapo kabla ya saa tano mtapata wasaa wa kunywa chai na kumnyoosha mama miguu.

Kinachochelewesha katika njia hii ni vijiji. Kila penye makaazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani mara nyingi wamesimama na tochi ya kupimia mwendo mahali ambapo barabara imenyooka na mguu unataka kukanyaga mafuta. Dereva aliyezoea njia ya Nungwi, ambayo huimaliza kwa saa moja na nusu, huona kilomita hizo hamsini kuwa ni mzaha. Asubiri mpaka akione kibao cha kumaliza mwendo huo, maana nyumba za mwisho za kijiji si dalili. Kabla ya kuondoka aangalie pia kwamba gari la kukodi lina bima hai, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto.

Kuhusu Lushoto, mwambieni baba watoto asubiri. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kupanda kwa kona, na kurudi ni hizo hizo, kwa hiyo mchana wote utaishia huko, na watoto wasiozoea kona huenda wakatapika. Milima ya Usambara, na baada yake ya Upare, mtaiona mkono wa kulia kwa muda mrefu bila ya kuacha njia kuu.

Same panafaa kwa chakula cha mchana, na kwa kuwa nyinyi ni wasafiri, mnaweza kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri hapo. Mkitoka saa nane na nusu, Moshi mtaifikia kama saa kumi na moja kasorobo, na zitabaki kilomita 80 tu. Hata hivyo, dereva wenu ni mmoja. Ikigonga saa kumi na moja na nusu bado hamjaingia Moshi, laleni hapo, na Arusha muiendee asubuhi; kwa hiyo msisafiri siku ya mwisho kabla ya harusi, na masweta ya watoto yawe kwenye mkoba wa juu.